Tebethi: Mwezi wa Baridi na Siku Iliyoandikwa

SOMO LA FAMILIA NA VIKUNDI VYA MAOMBI

Masomo: 2 Wafalme 25:1-10, Ezekieli 24:1-2 na 15-27, Ezekieli 33:21-22, Zekaria 7:1-10 na 8:18-19

Lengo la somo: Kujifunza jinsi watu wa Mungu waliohamishwa walivyotunza tarehe za msiba wao, ili nasi tujue namna ya kuwakumbuka wapendwa wetu ambao hatujui walifariki siku gani.



Katika nyumba zetu nyingi kuna swali ambalo watoto huuliza na wazazi hukosa la kujibu: "Babu alifariki tarehe gani?" Kwenye karatasi za usajili, wengi wetu tumeandikiwa kwamba tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku yenyewe haikujulikana. Lakini kwa ndugu zetu waliobaki njiani, msituni au ng'ambo ya ziwa, hata tarehe ya kukisia hakuna. Hakukuwa na matanga, hakuna kaburi, na siku ya kuwakumbuka haijulikani.

Leo tutajifunza juu ya mwezi mmoja wa Waebrania unaogusa jambo hili. Mwezi huo ni Tebethi.

1. MWEZI WENYEWE

Tebethi ni mwezi wa kumi katika kalenda ya Biblia, tukihesabu kuanzia Nisani, mwezi wa Pasaka. Una siku 29. Miezi ya Waebrania hufuata mwezi wa angani, kila mmoja ukiwa na siku 29 au 30, na miezi kumi na miwili hutimiza siku 354 hivi. Hizo ni pungufu kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Kwa hiyo Wayahudi huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isitoke katika majira yake. Ndiyo maana Tebethi haizunguki mwaka mzima kama mwezi wa Ramadhani wa jirani zetu Waislamu. Daima huangukia kati ya Desemba na Januari. Katika mwaka 2025 tarehe 10 ya Tebethi ilitokea mara mbili: tarehe 10 Januari na tena tarehe 30 Desemba.

Katika nchi ya Israeli huo ni wakati wa baridi na mvua. Kule mvua hainyeshi kabisa miezi ya kiangazi, kisha huja miezi ya baridi, na miaka mingine theluji huanguka Yerusalemu, kwa kuwa mji uko juu milimani. Katika Ezra 10:9 tunasoma kwamba watu walikusanyika uwanjani mwezi wa tisa, wakitetemeka kwa uzito wa jambo lililowaleta na kwa mvua kubwa. Sisi tuliolala chini ya turubai usiku wa mvua hatuhitaji kuelezwa mstari huo.

Jina la mwezi huu nalo lina habari yake. Zamani Waisraeli waliita miezi yao mingi kwa namba tu: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Majina kama Nisani, Kisleu na Tebethi waliyapata Babeli. Marabi wa kale walisema wazi kwamba majina ya miezi yalipanda nao kutoka Babeli. Yaani Tebethi ni neno la ugenini. Wazazi walilisikia kwa wenyeji, watoto wakalizoea, na waliporudi walirudi nalo. Katika Biblia nzima jina hili limetajwa mara moja tu, Esta 2:16, siku yule binti yatima aliyelelewa na jamaa yake Mordekai alipopelekwa katika nyumba ya mfalme wa Uajemi. Hakujua alikuwa anapelekwa kufanya nini. Baadaye watu wake wote waliokolewa kwa mkono wake.

2. MWANZO WA MWEZI: TAA

Tebethi huanza wakati taa za sikukuu bado zinawaka. Sikukuu ya Hanuka huanza tarehe 25 ya mwezi uliotangulia, Kisleu, nayo huchukua siku nane, hivyo humalizikia tarehe 2 au 3 Tebethi. Sikukuu hii hukumbusha jinsi mfalme Antioko wa Nne alivyolitia unajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 K.K., na jinsi Yuda Makabayo na ndugu zake walivyolitakasa na kuliweka wakfu tena mwaka 164 K.K. Jioni ya kwanza Wayahudi huwasha taa moja, jioni ya pili mbili, mpaka zinatimia nane.

Bwana wetu Yesu aliijua sikukuu hiyo. Yohana 10:22-23 husema kwamba ilikuwa sikukuu ya Kutabaruku huko Yerusalemu, wakati wa baridi, naye alikuwa akitembea hekaluni katika ukumbi wa Sulemani.

Basi mwezi unaanza kwa nuru. Baada ya wiki moja tu inakuja siku ya kufunga.

3. TAREHE 10: SIKU MJI ULIPOFUNGWA

Mwaka wa tisa wa mfalme Sedekia, mwezi wa kumi, siku ya kumi, Nebukadreza mfalme wa Babeli alifika Yerusalemu na jeshi lake lote. Ilikuwa yapata mwaka 588 K.K. Askari wakauzunguka mji na kujenga boma pande zote. Watu walizingirwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Njaa ikazidi mpaka hapakuwa na chakula. Mwezi wa nne wa mwaka wa kumi na moja ukuta ukabomolewa, mfalme akakimbia usiku, akakamatwa katika nchi tambarare ya Yeriko. Mwezi wa tano hekalu likachomwa moto.

Wayahudi wameweka siku nne za kufunga kwa ajili ya msiba huo, na tarehe 10 Tebethi ni mojawapo. Tuangalie vizuri. Siku hiyo ukuta ulikuwa bado umesimama, na hekalu lilikuwa halijaguswa. Kwa nini basi wafunge siku hiyo?

Aliyepitia vita anaelewa. Msiba hauanzi siku nyumba inapoungua. Huanza siku barabara inapofungwa, sokoni hakuna kitu, mwalimu hakuja shuleni, na wazee wanaongea kwa sauti ya chini. Wayahudi wanaikumbuka siku ya moto, na pia wanaikumbuka siku milango ilipofungwa.

Hufunga tangu alfajiri hadi nyota zionekane jioni. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawalazimiki. Sinagogini husomwa habari ya Musa akiwaombea Israeli baada ya dhambi ya ndama, Kutoka sura ya 32 na ya 34, na maombi ya toba huongezwa. Katika siku hizo nne, hii peke yake yaweza kuangukia Ijumaa, kama ilivyokuwa tarehe 10 Januari 2025. Hapo watu huingia katika Sabato wakiwa bado hawajala.

4. MUNGU ALISEMA: IANDIKE TAREHE HII

Sasa twende Babeli. Miaka tisa hivi kabla ya kuzingirwa huko, mwaka 597 K.K., Nebukadreza alikuwa amekwisha kuwahamisha watu wapatao elfu kumi pamoja na mfalme Yehoyakini. Kati yao alikuwemo kuhani kijana, Ezekieli. Aliishi Tel-abibu, kando ya mto Kebari, katika makazi ya watu waliohamishwa. Alikuwa na nyumba na mke. Wazee walikuwa wakija kuketi kwake kuuliza habari.

Siku ile ile jeshi lilipofika Yerusalemu, Mungu alisema na Ezekieli kule kule mbali. Alimwagiza aandike jina la siku, siku hiyo hiyo, kwa kuwa mfalme wa Babeli ameukaribia Yerusalemu leo hii (Ezekieli 24:1-2).

Tujiulize: habari hizo zingemfikiaje kwa njia ya kawaida? Ezra alipokwenda kutoka Babeli hadi Yerusalemu alitembea miezi minne (Ezra 7:9). Hapakuwa na simu wala redio. Hakuna mtu kambini aliyejua kilichokuwa kikitokea nyumbani siku ile. Lakini Mungu alijua, tena hakungoja mjumbe afike. Aliitaja siku yenyewe na kuagiza iandikwe.

Ndugu, hapa ndipo penye faraja ya somo letu. Siku ambayo sisi hatukuijua, Mungu aliijua. Siku mama yako alipoanguka njiani, siku kaka yako alipochukuliwa, siku kijiji kilipochomwa nawe uko mbali, haikupita bila kuonwa. Kwetu tarehe imepotea, lakini kwake haikupotea.

Katika sura hiyo hiyo kuna neno zito zaidi. Mke wa Ezekieli, aliyempenda kuliko vyote machoni pake, alikufa jioni. Mungu alimwagiza asilie kwa sauti wala asifanye desturi za maombolezo. Hiyo ilikuwa ishara kwa wale waliohamishwa: wao nao wangepoteza hekalu, na watoto waliowaacha nyumbani wangeanguka kwa upanga, wala wasingepata nafasi ya kuomboleza ipasavyo (mistari 15-24). Wengi wetu tulifika hapa na msiba wa namna hiyo. Tulikuwa tunakimbia. Hatukukaa chini kulia.

5. TAREHE 5: SIKU YA HABARI

Baada ya mji kuanguka ilipita miezi mingi. Kisha, mwezi wa kumi, siku ya tano, mtu mmoja aliyeokoka kutoka Yerusalemu alimfikia Ezekieli na kumwambia kwamba mji umepigwa (Ezekieli 33:21). Miezi yote hiyo watu wa Tel-abibu walikuwa wakila, wakilala na kutumaini, kumbe mji wao haukuwepo tena.

Marabi wa kale walibishana juu ya jambo hili. Rabi Akiva alisema mfungo wa mwezi wa kumi ni tarehe 10, siku mji ulipozingirwa, na ndivyo Wayahudi wanavyofanya hadi leo. Lakini Rabi Shimoni alisema ni tarehe 5, siku habari zilipofika kwa waliohamishwa, kwa kuwa wao waliihesabu siku ya habari sawasawa na siku ya kuchomwa hekalu.

Maneno ya Rabi Shimoni tunayaelewa vizuri. Kwa mtu aliye mbali, msiba hutokea siku simu inapolia. Hata kama ndugu amefariki miaka mitatu iliyopita, kwako wewe amefariki leo. Asikwambie mtu kwamba umechelewa kulia.

Tusiache mstari wa 22. Kwa muda mrefu Ezekieli alikuwa bubu, asiweze kusema na watu ila pale Mungu alipompa neno. Jioni kabla ya mjumbe kufika, Mungu alimfungua kinywa. Siku ya habari mbaya ikawa ndiyo siku aliyoanza kusema tena. Baada ya hapo ndipo tunapopata mahubiri yake juu ya Mchungaji anayetafuta kondoo waliotawanyika (sura ya 34) na bonde la mifupa mikavu (sura ya 37). Kujua ukweli, hata ukiuma, kulifungua njia ya kufarijiwa.

6. TAREHE 8: BIBLIA KATIKA LUGHA YA WENGINE

Kwa kifupi tutaje siku moja zaidi. Mapokeo ya Kiyahudi huikumbuka tarehe 8 Tebethi kuwa siku Torati ilipotafsiriwa kwa Kigiriki huko Misri, wakati wa mfalme Ptolemayo, katika karne ya 3 K.K. Wengine waliihesabu kuwa siku ya huzuni, wakiona kwamba neno takatifu limepungukiwa likitoka katika lugha yake. Hata hivyo mitume waliinukuu mara nyingi tafsiri hiyo, na kwayo Injili iliwafikia mataifa. Sisi tunaosali kwa Kiswahili lakini tunalia kwa Kibembe, Kifuliru, Kirundi au Kinyarwanda, twajua pande zote mbili: kuna kitu kinachopungua, na kuna mlango unaofunguka.

7. SIKU YA WASIO NA TAREHE

Wayahudi wana desturi ya kumkumbuka marehemu kila mwaka siku aliyofariki. Jamaa huwasha taa na kusema sala iitwayo Kadishi. Sala hii ni ya ajabu kidogo, maana haitaji kifo hata mara moja. Inalitukuza jina la Mungu na kuomba ufalme wake uje upesi. Tena kwa desturi mfiwa haisemi peke yake. Lazima wawepo watu wazima kumi wa kuitikia Amina.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Familia nzima nzima ziliangamizwa, na waliosalia hawakujua ndugu zao walikufa siku gani wala wapi. Wangesema Kadishi lini? Baada ya vita hiyo Baraza Kuu la Marabi la Israeli liliamua kwamba tarehe 10 Tebethi iwe siku ya kusema Kadishi kwa ajili ya wote ambao siku ya kufa kwao haijulikani.

Tazama walivyofanya. Hawakubuni tarehe ya uongo. Wala hawakuwaacha wafu wao bila siku. Waliichukua siku ambayo Mungu mwenyewe alisema iandikwe, wakawapa wale wasio na tarehe.

8. ONYO NA AHADI

Siku za msiba zina hatari zake. Waliporudi kutoka Babeli, watu walimwuliza nabii Zekaria: je, tuendelee kulia na kufunga kama tulivyofanya miaka hii yote? Ilikuwa mwaka wa nne wa mfalme Dario, yaani 518 K.K., mwezi wa Kisleu. Mungu aliwajibu kwa swali: miaka sabini mliyofunga, mlinifungia mimi kweli? Kisha akawaambia wafanye hukumu ya haki, wahurumiane, wasimwonee mjane, yatima, mgeni wala maskini, na mtu asimwazie ndugu yake mabaya moyoni (Zekaria 7:5-10).

Ukumbusho unaweza kugeuka kuwa shule ya chuki. Mtoto ambaye hakuiona vita anaweza kufundishwa kila mwaka kulichukia kabila fulani, hata jirani wa mstari wa pili ambaye naye alikimbia kama sisi. Mungu hapokei mfungo wa namna hiyo. Tuwaambie watoto kweli, bila kuficha na bila kuongeza. Lakini kweli hiyo isiwape mzigo wa kulipa kisasi.

Kisha ikaja ahadi. Zekaria 8:19 inautaja mfungo wa mwezi wa kumi pamoja na mingine mitatu, na Mungu anasema kwamba hiyo yote itakuwa furaha na sikukuu njema. Kwa hiyo watu wapende kweli na amani. Tarehe ile ile iliyoandikwa kwa machozi ndiyo Mungu anaahidi kuigeuza kuwa shangwe.

9. TUFANYE NINI SISI?

Sisi Wakristo hatulazimiki kuzishika sikukuu na mifungo ya Kiyahudi (Wakolosai 2:16-17), wala hatuzidharau. Lakini tunaweza kujifunza. Haya ni mapendekezo kwa kila familia:

Kwanza, kaeni pamoja mkaandike majina ya wapendwa wenu waliofariki. Ziandikwe katika daftari moja au nyuma ya Biblia. Anayejua tarehe aitaje. Asiyejua asione haya.

Pili, kwa wale wasio na tarehe, chagueni siku moja ya mwaka. Yaweza kuwa siku habari zilipowafikia au siku mlipovuka mpaka. Siku hiyo semeni majina yao kwa sauti na kumshukuru Mungu kwa maisha yao.

Tatu, msikae peke yenu. Waalikeni majirani waje waseme Amina, hasa mjane anayeishi peke yake na yule aliyefika bila jamaa.

Nne, mkifunga, wasifunge watoto, wagonjwa, wajawazito wala wanaonyonyesha. Kama mgao ni mdogo, toeni sala na tendo la huruma badala ya kufunga.

Tano, ndugu ambaye hajulikani alipo msimhesabu kuwa amekufa. Mwombeeni kama aliyepotea, na mwulizie. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kuwatafuta ndugu waliotengana kwa sababu ya vita.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Mungu alimwagiza Ezekieli aiandike siku, ingawa alikuwa mbali na Yerusalemu?
2. Katika familia yetu, ni siku gani tunaihesabu kuwa siku ya msiba: siku ya tukio au siku ya habari?
3. Tutawaambiaje watoto habari za vita bila kuwapandia chuki?
4. Ni nani jirani yetu ambaye hana watu wa kuitikia Amina pamoja naye?

SALA

Ee Mungu Baba, wewe uliiona siku ambayo sisi hatukuiona. Unayajua majina ya ndugu zetu na mahali walipolala. Tunawaweka mikononi mwako. Wafariji wanaolia leo kwa msiba wa zamani. Walinde waliopotea, na kama wako hai, turudishie. Ondoa kisasi mioyoni mwetu, utupe kupenda kweli na amani, ukaigeuze siku yetu ya huzuni kuwa furaha kama ulivyoahidi. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyelia kaburini kwa Lazaro na aliyeushinda mauti. Amina.